Sataranji ya Mgeni Rasmi

Wasichana wa shule ya adilisho walimwita Mama Vitabu, kwa kuwa ndiye aliyeshika funguo za chumba cha kusomea. Alikuwa mkutubi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Kwa miaka tisa alikuwa akipanga vitabu vilevile kwenye rafu zilezile. Shule ilipokea wasichana walioletwa na mahakama ya watoto: walioiba, waliopigana, waliotoroka makwao mpaka wazazi wakanyoosha mikono. Humo walisoma, walishona, walifua, na waligombana. Matroni alikuwa na daftari ambamo aliandika kila ugomvi kwa wino mwekundu, na kuna mwezi aliandika mara kumi na moja. Ugomvi wa mara mbili kati ya hizo ulitokea mbele ya Mama Vitabu mwenyewe, juu ya meza zake, na kamusi ikararuliwa vipande viwili kuanzia herufi ya M.

Mama Vitabu alifundishwa sataranji na marehemu baba yake, karani wa reli, aliyekuwa akicheza naye kila Jumapili bila kumwonea huruma hata siku moja. Baada ya kisa cha kamusi, alimwomba fundi seremala wa shule amchongee kete kutoka kwenye miguu ya viti vilivyovunjika. Fundi alichonga seti tano, kwa mwezi mzima, na farasi zake zote zilitoka na nyuso za punda. Hakuna aliyejali. Jumamosi ya kwanza walikuja wasichana wanne, ya pili tisa, na kufikia mwisho wa muhula wengine walikuwa wakicheza wamepiga magoti sakafuni.

Kanuni yake ilikuwa moja tu. Kabla ya kusogeza kete, unakalia mikono yako. Unaikalia kabisa, viganja chini ya mapaja, mpaka uweze kusema moyoni mwako mwenzako atajibu nini. Wale wasichana walikuwa wamezoea mikono iende kabla ya kichwa, na mwanzoni kukalia mikono kuliwauma kama adhabu. Kisha kukawa mazoea. Matroni, ambaye hakuupenda mchezo wenyewe kwa sababu haukuwa na kelele, alikiri kwamba wino wake mwekundu ulikuwa hauishi tena.

Mchezaji bora alikuwa msichana wa miaka kumi na tano ambaye wenzake walimwita Wembe. Jina hilo lilitokana na kilichomleta pale. Alimkuta baba yake wa kambo akimburuta mdogo wake kwa nywele, akamkata mkononi kwa wembe wa kunolea penseli. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na miezi yake ya mwanzo alipigana na kila aliyemsogelea. Siku moja, karibu mwaka baada ya kuanza kucheza, alikuja chumba cha kusomea akisema kuna mtu amemwagia maji kitanda chake.

"Nikimpiga, nitafungiwa wiki nzima na Jumamosi sitacheza," alimwambia Mama Vitabu. "Nisipompiga, atadhani namwogopa. Natafuta hatua ya tatu."

Alikaa pale nusu saa, mikono chini ya mapaja. Kisha akaenda akamwomba yule yule aliyemwaga maji amsaidie kubeba godoro kwenda kulianika juani, mbele ya bweni zima. Yule msichana, kwa aibu, alibeba. Hapakuwa na ugomvi. Mama Vitabu alirudi nyumbani siku hiyo na kumsimulia mumewe, fundi wa friji, mara mbili.

Mkuu wa shule hakuwahi kukanyaga chumba cha kusomea. Alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, na alikuwa na tabia ya kuchokonoa masikio kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama, kisha akakirudisha kwenye kalamu ile ile aliyowapa watu watie sahihi. Kwa hiyo alipoingia Jumatatu moja na kusimama katikati ya meza akitabasamu, Mama Vitabu alijua ametumwa na haja. Mkuu alisema amesikia mazuri sana kuhusu huu mradi wetu. Neno hilo "wetu" lilimkwaruza Mama Vitabu masikioni. Mkuu akaeleza kwamba baada ya wiki mbili shule itatembelewa na Mgeni Rasmi, mkubwa mmoja mwenye sauti nzito huko juu, na kwamba angependa mkubwa huyo acheze mchezo mmoja na yule binti mwerevu, mbele ya wageni na wapiga picha.

Kisha akavuta kiti karibu na kupunguza sauti. Mgeni Rasmi, alisema, hapendi kushindwa. Tena yumo kwenye kamati inayopitia mafaili ya watoto wanaoombewa kutoka mapema, na faili la Wembe limelala huko tangu mwaka jana.

"Sikuambii umfundishe uongo," alisema. "Ashindwe tu kwa heshima. Mchezo ni mchezo. Mtoto aende kwao."

Mama Vitabu alisema kwamba hilo ni gumu. Alisema wasichana wengine watagundua. Alisema maneno mengine mawili matatu ya namna hiyo, mepesi, na hata alipokuwa akiyasema alijua kwamba atakubali. Alimfikiria Wembe akitoka lango lile na mfuko wake. Mkuu alimpa mkono kumshukuru, na mkono wenyewe ulikuwa na majimaji.

Alimwambia Wembe Jumamosi iliyofuata, wengine walipokwisha kutoka. Msichana alisikiliza bila kumtazama, akizipanga kete kwenye sanduku.

"Unataka nishindwe," alisema.

"Nataka utoke hapa, mwanangu."

"Hayo ni mambo mawili, Mama."

"Kwake yeye ni moja."

Wembe alifunga sanduku. Akauliza kama huyo mgeni anajua kucheza. Mama Vitabu akasema hajui. "Kama hajui kabisa itakuwa kazi," Wembe alisema, na akaenda kula.

Siku ilipofika, shule ilikuwa imepakwa rangi upande mmoja tu, ule wa barabarani, na rangi haikuwa imekauka. Wasichana walivalishwa sare mpya zilizotolewa stoo asubuhi na ambazo zingerudishwa stoo jioni, zikiwa na mikunjo ya boksi kifuani. Walipangwa uani saa tatu. Mgeni alitarajiwa saa nne. Saa sita alikuwa hajafika. Vyoo vilikuwa vimesafishwa na kufungwa kwa kufuli ili visichafuliwe kabla yake, na ufunguo alikuwa nao Mkuu mfukoni. Mama Vitabu alimwendea mara mbili kuuomba. Mara ya kwanza alimwambia wavumilie kidogo, mara ya pili alijifanya anaongea na simu. Saa sita na nusu msichana mdogo kuliko wote, wa miaka kumi na miwili, alijikojolea pale pale alipo, akabaki amesimama wima akitazama mbele, mkojo ukiingia kwenye viatu. Matroni alimshika bega akamsogeza nyuma ya pazia la jukwaa, na huko akakaa sherehe nzima, kwa sababu hapakuwa na sare nyingine ya kumbadilisha.

Mgeni Rasmi alifika saa saba na kitu, na kabla ya yote akapelekwa kula. Alipoletwa kwenye meza ya mchezo alikuwa bado ameshika paja la kuku. Alikaa, akalitafuna hadi mfupa, akanyonya vidole kimoja kimoja, akavifuta kwenye kitambaa cha meza, kisha akauliza zake ni zipi, nyeusi au nyeupe.

Mama Vitabu alikuwa amesimama pembeni. Ndiye aliyepewa kazi ya kutangaza hatua kwa kipaza sauti, ili wageni waelewe. Kwa hiyo aliona yote kwa karibu. Aliona mafuta ya kuku yakibaki juu ya kete, rangi ikianza kung'aa. Aliona kipande cha nyama kwenye jino la mbele. Mgeni alisogeza farasi moja kwa moja kama ngome, vyumba vinne mbele, akamla askari wa Wembe na kumtupa kwenye sahani ya mifupa. Wembe akainua macho. Hakumtazama mgeni. Alimtazama Mama Vitabu, akisubiri aseme kitu, kwa sababu kila Jumamosi kwa miaka miwili mtu akikosea hatua Mama Vitabu alisema, rudisha. Mama Vitabu akakileta kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa amekula askari," alitangaza.

Watu wakapiga makofi.

Baadaye mgeni alimla malkia wa Wembe kwa hatua ambayo haipo katika sataranji wala katika mchezo wowote. Mkuu alicheka hadi akashika tumbo. Wembe aliendelea. Alikuwa na kazi mbaya kuliko kushinda: alikuwa anamtafutia mtu asiyejua njia njia ya kumshinda. Aliwaondoa askari mbele ya mfalme wake, akamwacha mfalme wazi kama mlango wa duka. Mgeni hakuona. Akamsogeza karibu zaidi, mgeni hakuona. Mara ya tatu mgeni alikuwa ameanza kupiga miayo na kutazama saa, na Wembe akainama mbele akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya chini, "Mheshimiwa, ngome yako ikija hapa, umeshinda."

"Nilishaiona hiyo," mgeni alisema, na akaisogeza.

Wageni walilipuka kwa makofi. Wale wasichana wa Jumamosi, waliokaa safu ya nyuma, hawakupiga. Walikuwa wamekalia mikono yao, wote, bila kuambiana, na nyuso zao zilikuwa kavu. Mgeni alisimama, akamshika Wembe kidevu kwa vidole vile vile, akamgeuza uso kuelekea kwa wapiga picha. Akauliza kwa kipaza sauti, kwa mzaha, kama huyu ndiye yule mkata watu, na kama wembe wenyewe ameuacha getini. Watu walicheka. Akasema mchezo huu umemthibitishia kwamba hata hawa wanaweza kufikiri.

Mama Vitabu aliitwa kupokea cheti. Alikwenda akakipokea.

Jioni alimkuta Wembe kwenye bomba la uani akisugua kidevu kwa sabuni ya kufulia. Alikuwa amekisugua mpaka kimekuwa chekundu. Mama Vitabu alimwita mara mbili. Msichana alisuuza, akapaka sabuni tena. Mama Vitabu alirudi chumba cha kusomea, akachemsha maji kwenye birika na kuosha zile kete thelathini na mbili, na harufu ya kuku ilipopanda pamoja na mvuke alikimbilia dirishani akatapika nje, juu ya maua yaliyopandwa jana yake kwa ajili ya ugeni.

Nyumbani hakula. Mumewe alimuuliza kulikoni, na alipomweleza, fundi wa friji alichezea bisibisi kidogo.

"Na wewe ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nilikuwa pale pale. Mimi ndiye niliyekuwa natangaza."

Hakumlaumu. Alimsogezea maji ya kunywa tu, na hilo lilimuuma mkewe kuliko kama angegomba.

Wembe hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile ya pili. Wengine walikuja, lakini walicheza kivivu. Mmoja alipokaribia kushindwa aliuliza, bila kucheka, kama mwenzake ni mheshimiwa.

Wiki ya tano zikaja kalenda. Zilikuja kwa maboksi, karatasi nzito inayong'aa, nazo zikagawiwa ofisini, madukani na mashuleni mjini kote. Juu ya miezi yote kumi na miwili alikuwepo Mgeni Rasmi, anatabasamu, na mkononi mwake kidevu cha Wembe. Uso wa msichana ulionekana wote, hata alama ndogo ya nyusi. Chini yake pameandikwa kwa herufi za dhahabu: Kutoka Wembe Hadi Sataranji.

Siku ya wazazi, mama yake Wembe alikuja na moja ameikunja mara nne. Alikuwa muuza nguo za watoto, mwanamke wa maneno machache. Alimwambia Mama Vitabu kwamba mtaani watu walikuwa wanajua kwamba binti yake yuko kwa shangazi yake, anasoma. Sasa kalenda imetundikwa kwa muuza unga na kwa kinyozi. Yule mdogo wake, ambaye ndiye aliyeokolewa, ameitwa dada wa mkata watu mpaka amekataa kwenda shule. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, ni nani aliyeruhusu.

Mama Vitabu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu, kalenda mkononi. Mkuu alidhani amekuja kuisifia. Alimwambia picha imetoka vizuri, ila angependa na yeye mwenyewe aonekane kidogo pale nyuma. Mama Vitabu alimkumbusha kwamba sheria hairuhusu kuonyesha uso wa mtoto aliyefikishwa mahakamani. Mkuu alisema hayo ni mambo ya makaratasi. Ndipo Mama Vitabu akauliza kamati imesema nini kuhusu faili.

Mkuu alichomoa kifuniko cha kalamu, akakiingiza sikioni.

"Kamati? Mheshimiwa alishatoka kwenye kamati," alisema. "Tangu mwaka juzi."

"Ulijua?"

"Mama, sisi sote tulitaka siku iende vizuri. Na imekwenda."

Mama Vitabu alitegemea kwamba atakasirika. Alisubiri hasira ije, haikuja. Alichohisi ni kinyaa tu, kama mtu aliyekunywa kikombe kizima ndipo akaona mende chini. Alimtazama Mkuu akikagua kifuniko kwenye mwanga wa dirisha. Na alijua kwamba kile alichokuwa akikitazama kwa kichefuchefu kilikuwa na fungu lake mle ndani, kwa sababu mtu aliyemwendea Wembe na kumwomba ashindwe hakuwa Mkuu.

Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda mahakama ya watoto. Alikaa kwenye benchi la korido hadi alipoitwa. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, aliyesoma maelezo yake yote mara mbili akipenga kamasi. Maelezo yalikuwa kurasa nne. Ndani yake Mama Vitabu alikuwa ameandika habari ya vyoo, ya mtoto aliyewekwa nyuma ya pazia, ya kidevu na ya kalenda. Ukurasa wa tatu wote ulikuwa habari yake mwenyewe.

"Hapa umejishtaki," hakimu alisema.

"Ndiyo."

"Ungeweza kuuacha ukurasa huu. Kalenda inatosha."

"Usiutoe, mheshimiwa," alisema, akikumbuka alivyolitangaza neno hilo kwa kipaza sauti.

Mambo yalikwenda haraka kuliko alivyotegemea, tena si yote kwa haki. Kalenda ziliamriwa zikusanywe, na nyingi zikakusanywa. Faili la Wembe lilipoitwa ilionekana kwamba lilikuwa tayari tangu zamani, limekaa kwenye droo likingoja sahihi moja ya Mkuu. Ikaamriwa msichana arudi kwao mwezi uleule, na kwa kuwa baba wa kambo alikwisha kuhama, hapakuwa na kizuizi. Mgeni Rasmi hakuulizwa chochote. Mkuu alihamishiwa makao makuu, kitengo cha mafunzo, akafundishe wakuu wengine. Mama Vitabu alipewa barua ya onyo kwa kosa alilokiri mwenyewe, na akahamishiwa makao makuu hayo hayo, chumba cha barua. Sataranji ilibaki kwa fundi seremala, aliyekuja kujifunza kanuni Jumamosi mbili za mwisho, akikalia mikono yake mikubwa kama mtoto mtiifu.

Asubuhi ya kuondoka, Wembe alikuja chumba cha kusomea na mfuko wake begani. Alisema mama yake atafika saa nne. Alisema hajasamehe, asije akadhani amekuja kwa ajili hiyo. Kisha akatoa kete na kuzipanga.

Walicheza. Mama Vitabu alikuwa na malkia mahali pazuri, na kufikia hatua ya ishirini aliona jinsi ya kumfunga mfalme wa Wembe. Akasita. Alimtazama yule mtoto na mfuko wake sakafuni, na mkono wake ukaenda kwa askari asiye na maana pembeni.

Wembe aliuweka mkono wake juu ya mkono huo kabla haujagusa.

"Cheza vizuri, Mama," alisema. "Usinitie kinyaa."

Mama Vitabu aliurudisha mkono, akaukalia. Kisha akamsogeza malkia pale alipopaswa kwenda. Wembe alitazama ubao kwa muda mrefu, akitafuta pa kutokea, mpaka akaridhika kwamba hapapo. Alimlaza mfalme wake chini. Aliuliza kosa lake lilianzia wapi, wakarudisha kete hatua tano nyuma wakaliona, na walikuwa bado wanabishana kama farasi angeweza kuokoa jambo pale mama yake alipogonga mlango.

Mwaka mmoja baadaye, chumba cha barua, bahasha arobaini zilifika mezani kwa Mama Vitabu zigongwe muhuri na kutumwa kwa shule zote za aina ile. Ndani ya kila moja kulikuwa na mwongozo wa kulea vijana kwa sataranji. Mtungaji wake alikuwa Mkuu. Kulikuwa na sura kuhusu subira na sura kuhusu kuheshimu wakubwa. Katika picha ya jalada ubao ulikuwa umewekwa kiupande, na mfalme na malkia walikuwa wamebadilishana viti.

Alikwenda akanawa mikono. Aliporudi alichukua karatasi nyeupe, akaandika juu yake kanuni ya kukalia mikono na maelezo ya jinsi ya kuuweka ubao sawasawa. Chini akaandika kwamba mtoto asiombwe kushindwa, na mtu mzima atakayemwomba asipewe ubao tena. Akatia sahihi. Akatoa nakala arobaini na kuingiza moja katika kila bahasha, kisha akazifunga kwa gundi na kuzigonga muhuri moja baada ya nyingine.

Kesho yake bosi wake, akiwa na ile karatasi aliyoikuta kwenye mashine ya nakala, alimuuliza ni nani aliyeiongeza kwenye bahasha. Alijibu kwamba ni yeye. Bosi alitazama kapu la barua, akakuta ni tupu, gari la posta lilishaondoka saa mbili.